Orodha ya majina iliyo ndani ya simu



Leo hatutazungumza juu ya unga wala mahema, bali juu ya simu. Simu ya kiongozi imekuwa ofisi yake: ndani mna majina ya familia zilizohama, namba zao, picha za vikao, pengine hata sauti ya mama aliyeeleza yaliyompata. Mwenye nia mbaya akiipata, anajua nani yuko wapi na nani amesema nini.

Wala hana haja ya kuiiba. Anatengeneza programu yenye jina na rangi za ile mnayoijua, nanyi mnaiweka wenyewe. Mwezi wa kwanza mwaka 2018, kampuni ya Lookout na shirika la Electronic Frontier Foundation walifichua kundi walilolipa jina Dark Caracal, lililosambaza WhatsApp na Signal za uongo. Walionaswa walikuwa katika nchi zaidi ya 20, wakiwemo wanasheria, waandishi wa habari na wanajeshi. Ubaya ni kwamba programu zile zilifanya kazi! Ujumbe ulikwenda, majibu yalirudi, na huku nyuma picha, namba na mazungumzo vilikuwa vinachukuliwa.

Ujanja huu si wa leo. Mwaka 1989 maelfu ya watu walipokea kwa posta diski za kompyuta zenye maelezo juu ya ukimwi. Baadaye diski hizo zilificha mafaili yao na kudai dola 189 zitumwe Panama. Mdanganyifu hutazama watu wanahangaikia nini. Kwa aliyehama, chambo ni rahisi: "Weka programu hii uandikishwe kwa msaada."

Tunajua megabaiti ni ghali, ndiyo maana vijana hurushiana programu simu kwa simu. Hapo ndipo tunapoona hatari kubwa. Afadhali kamati ichange pesa kidogo, kila mmoja apakue kutoka Play Store. Na programu ya tochi ikiomba kusoma majina na kusikiliza sauti, ikatalieni. Tochi inataka majina ya nini?

Ushuhuda ukishafika unakopaswa kufika, ufuteni katika simu. Na anayeshuku simu yake asinyamaze kwa haya: azime intaneti, atuletee, na kwa simu nyingine awaarifu mapema wale ambao majina yao yalikuwa ndani. Wao ndio watakaohitaji kuamua kama walale palepale usiku huo.