Alifia Wapi, Siyo Alizikwa Wapi

Msikilizaji, nianze na marehemu mmoja ambaye kila mtu katika mkoa huu wa Mara anamjua. Mwalimu Julius Nyerere alifariki Oktoba 14, 1999, katika Hospitali ya St Thomas', London. Akazikwa kwao Butiama tarehe 23 mwezi huohuo. Kaburi mnalijua, wengine mmefika hadi pale. Lakini ukitaka kujua kifo kile kiliandikwa kwanza kwenye daftari la nani, usianzie Butiama. Sheria ya Uingereza inataka kifo kisajiliwe wilaya kilikotokea, hata kama mwili utasafirishwa kesho yake. St Thomas' iko Lambeth, ng'ambo ya mto kutoka Bunge lao. Basi utaanzia Lambeth.

Namtaja Mwalimu kwa sababu ya mazungumzo yanayosikika kila mara kwenye madirisha ya ofisi zetu za wilaya. Mama amekuja kutafuta cheti cha kifo cha mumewe. Karani anamuuliza, "Mzee alifia wapi, mama?" Anajibu, "Kwetu, Muhoji." Karani anafungua rejesta, anashuka na kidole mstari kwa mstari, hakuna kitu. Anauliza tena, "Alifia nyumbani?" "Hapana mwanangu, alifia Bugando. Muhoji ndiko tulikomzika." Hapo karani anafunga kitabu. Hospitali ya Bugando iko jijini Mwanza, na kifo cha Bugando huandikwa kwa tangazo la Bugando, si kwa kaburi la Muhoji.

Ndugu zangu wa Kata ya Bugwema, kuanzia Masinono, Kinyang'erere, Muhoji hadi Bugwema yenyewe, hili linatuhusu kuliko wengi. Tuko mpakani mwa wilaya. Mgonjwa akizidiwa, wengine watamkimbiza Bunda, wengine Musoma mjini, hadi ile Hospitali ya Rufaa ya Mwalimu Nyerere kule Kwangwa, na ikishindikana anapelekwa Mwanza. Wagonjwa watatu wa nyumba moja wanaweza kufia katika wilaya tatu, wakalala makaburi yanayofuatana chini ya mwembe mmoja. Miaka ikipita, ukoo unakumbuka mwembe. Ofisi inakumbuka wodi.

Na kuna la Butiama. Wilaya ile ilimegwa kutoka Musoma mwaka 2012. Kwa hiyo kama baba alifia kijiji ambacho leo ni Butiama, na kifo kikaandikishwa, tuseme, mwaka 2005, usishangae ukiambiwa mjini Butiama kwamba hawamwoni. Wakati ule alikuwa mtu wa Musoma, na daftari lililompokea ni la Musoma. Mipaka ya wilaya huchorwa upya, lakini maandishi ya kale hubaki pale yalipoandikiwa.

Kwa wasiojua mlango wenyewe: vizazi na vifo ni kazi ya RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, na huku wilayani huduma yake unaifuata kwenye ofisi ya Katibu Tawala wa Wilaya, yule tunayemwita DAS. Wengi wanakwenda halmashauri, wanakaa kwenye benchi hadi saa sita, ndipo wanaambiwa siyo hapa. Sheria ni ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, na inawapa ndugu siku 30 za kutoa taarifa. Aliyefia hospitalini, hospitali inatoa tangazo la kifo. Aliyefia nyumbani, taarifa inaanzia kwa Mtendaji, naye ndiye wa kutoa kibali cha mazishi. Lakini semeni kweli: huku kwetu mara ngapi kaburi linachimbwa, jeneza linashuka na watu wanakula ubwabwa kabla Mtendaji hajapata habari?

Sisi si watu wasioandika. Hilo ndilo linalonishangaza. Nenda msiba wowote Bugwema, utakuta meza ndogo mlangoni, daftari la kaunta limefunguliwa, na kijana mwenye mwandiko mzuri ameketi. Fulani, shilingi 2,000. Fulani, debe la mahindi. Fulani, mkungu wa ndizi. Kikundi cha akina mama, sufuria mbili za kuazima. Ukileta 500 utaandikwa, na msiba ukiisha daftari litasomwa mbele ya watu, jina kwa jina, na ole wake mwandishi aliyemruka mtu. Daftari lile linahifadhiwa sandukuni miaka 20, maana rambirambi ni deni. Tumeandika kila aliyekuja kuzika. Aliyezikwa hatukumwandika popote.

Halafu siku 30 zinakwisha. Zinaisha haraka kuliko mnavyodhani, maana matanga yenyewe yanakula siku kadhaa, wageni wa mbali wanaaga mmoja mmoja, na mjane hatoki nje kwanza. Kikao cha ukoo kinakaa, wanagawana majukumu: wewe utasimamia ng'ombe, wewe utafuatilia deni la mbegu za pamba, shemeji atakaa na watoto. Sijasikia kikao kinachomtaja mtu wa kwenda kwa DAS. Naomba wazee wa koo wanisikie hapa: mchagueni siku hiyohiyo, mpeni nauli kwenye fedha za rambirambi, na mumkabidhi lile tangazo la hospitali kabla halijafungiwa karanga.

Maana bili ya uzembe huu haimfikii mzee wa ukoo. Inamfikia mjane. Mahakama ya Mwanzo, anapofungua mirathi, hakimu ataulizia cheti cha kifo pamoja na muhtasari wa kikao cha ukoo. Benki itaulizia. Mfuko wa mafao utaulizia. Na anayetaka kumdhulumu anajua hivyo, ndiyo maana unaweza kukuta shemeji mtu ndiye anayelificha tangazo la kifo, au anayegoma kutia saini muhtasari. Karatasi ile ikikosekana, shamba linaendelea kulimwa na aliyelishika.

Ukichelewa bado unaweza kusajili, ila vielelezo vinaongezeka. Utatakiwa kuthibitisha kifo kwa barua za viongozi wa kijiji na kata, kwa kiapo, kwa kibali cha mazishi kama kipo, kwa kitambulisho cha marehemu. Siku hizi kuna mfumo wa eRITA wa kuomba kwa mtandao, na kijana mwenye simu nzuri anaweza kujaza maombi akiwa palepale Masinono na kupata namba ya malipo. Ni hatua kubwa, sibezi. Lakini mtandao hauwezi kukuambia jina ambalo baba yako aliandikishwa.

Kwenye majina ndipo upekuzi unapokwama zaidi. Tuseme baba anaitwa Masatu. Nyumbani ni Masatu, kanisani ni Petro, kadi ya mpiga kura inasema Peter Masatu, kitambulisho cha NIDA kimeongeza jina la babu mwishoni, na aliyempeleka hospitali alikuwa mkwe, akamtaja kwa jina la mtoto: Baba Magesa. Nesi wa usiku kaandika alichosikia. Leo unasimama dirishani unamwomba karani akutafutie Masatu, na kwa haki kabisa karani anakwambia hayumo. Yumo. Ila mwombe atazame kwa tarehe, siyo kwa jina. Nenda na siku ya kifo, jina la hospitali, jina la wodi kama mnalikumbuka, na majina yote ya marehemu hata yale ya utani. Hospitali nazo zina rejesta zao, vile vitabu vikubwa vya MTUHA, na mara nyingine kamba inaanzia huko.

Vipi wale wa zamani, ambao ukoo unawahitaji leo kwa kesi ya ardhi? Kwao rejesta ya serikali haitatusaidia sana. Sheria ya usajili ilianza kutumika mwaka 1921 chini ya Waingereza, na waliolazimishwa kuandikishwa walikuwa Wazungu na Waasia. Babu zetu hawakuhesabika humo. Tarehe zao tunazitafuta kwa matukio: alikufa mwaka ule mvua za uhuru zilipojaza ziwa, alikufa wakati wa Operesheni Vijiji, alikufa vijana wakiwa vitani Uganda, alikufa mwaka meli ya MV Bukoba ilipozama. Msidharau kalenda hiyo. Mvua za uhuru ni 1961 hadi 1962, vita ni 1978 na 1979, MV Bukoba ni Mei 21, 1996. Mzee akikutajia tukio, umepata mwaka. Kisha gonga mlango wa kanisa. Parokia ya Nyegina ipo tangu 1911, Wamennonite wako mkoani tangu miaka ya 1930, na makanisa haya yana vitabu vya ubatizo na vya marehemu ambavyo vimewahi kuokoa ukoo usio na karatasi nyingine. Ni ushahidi wa kuunga mkono, haushiki nafasi ya cheti.

Ziwa lina mambo yake. Mwishoni mwa Julai 2023, jirani zetu wa Mchigondo, Bunda, walipoteza watu waliokuwa wakirudi kutoka kanisani kwa mitumbwi. Msiba ule ulishuhudiwa na nchi nzima. Lakini mvuvi mmoja anayetoka usiku na nyavu zake asirudi, bila mwili kupatikana, huyo anaiacha familia katika hali ngumu: hakuna tangazo, hakuna kaburi, hakuna cheti. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mtu asiposikika kwa miaka 5, na wale ambao wangetarajiwa kumsikia, inaweza kuchukuliwa kwamba amefariki. Mlango wa hilo ni mahakamani. Ndiyo maana inafaa kutoa taarifa polisi na kwa Mtendaji wiki ileile, iandikwe tarehe, hata kama moyo bado unakataa.

Serikali nayo nisiiache hivihivi. Mpango wa kusajili watoto wa chini ya miaka mitano ulipokuja, mkoa wetu ukiwamo, usajili ulishushwa hadi ofisi za kata na vituo vya tiba. Mama akijifungua, cheti kinaandikwa karibu na nyumbani. Mbona kifo bado kinafuatwa mjini, bodaboda hadi zinapopita gari za Musoma, kisha nauli nyingine, kisha njoo kesho? Mtoto na babu yake ni wa sheria moja, Sura ileile ya 108.

Mpaka hapo patakapobadilika, mnayo mikutano mikuu ya vijiji, ambayo kisheria inakaa kila miezi mitatu. Mtendaji akimaliza kusoma mapato na matumizi, nyosheni mkono mumuulize: tangu mkutano uliopita, kijijini hapa tumezika wangapi, na wangapi kati yao majina yao yamefika kwa DAS?