Aliyepanda Asione Mavuno: Maisha na Huduma ya Johannes Rebmann
*Hotuba ya katibu wa kwaya katika sherehe ya jubilei, Wundanyi*



Kamati ya jubilei iliniomba niseme machache juu ya mtumishi mmoja aliyepanda kanisa. Nimemchagua Johannes Rebmann, kwa sababu alipita katika milima hii yetu kabla ya reli na kabla ya mji wa Voi.

Rebmann alizaliwa tarehe 16 Januari 1820 huko Gerlingen, Ujerumani. Alisomea utumishi mjini Basel, Uswisi, kisha Uingereza, akatumwa na chama cha wamisionari cha CMS. Alifika Mombasa mwaka 1846, akamkuta Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili nyuma alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga. Mwaka huo huo wawili hao wakaanzisha kituo cha Rabai.

Mwaka 1847 Rebmann alifika Kasigau. Mwaka uliofuata akapita Bura akielekea Uchagani, akiongozwa na Bwana Kheri, Mwislamu aliyezijua njia za misafara. Wengine walibeba silaha. Yeye alibeba mwavuli. Aliandika kwamba milima ya Bura ilimkumbusha milima iliyo karibu na Basel. Tarehe 11 Mei 1848 akaiona theluji ya Kilimanjaro. Aliposema hivyo, wasomi wa Ulaya walimbishia kwa miaka mingi. Kwao theluji karibu na ikweta haikuwezekana.

Watu wengi humjua Rebmann kwa theluji hiyo tu. Lakini mimi ni katibu, kazi yangu ni daftari la mahudhurio, kwa hiyo niliuliza: alivuna watu wangapi?

Jibu ni kwamba walikuwa wachache mno. Wa kwanza kubatizwa aliitwa Mringe, maskini aliyekuwa mlemavu, naye alibatizwa akiwa karibu kufa. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa ajili ya ugonjwa. Mtoto wa Rebmann alikufa angali mchanga, na mkewe, Emma, akafariki mwaka 1866. Rebmann akabaki Rabai. Alikusanya maneno ya lugha za watu na kuyaandika katika kamusi, akaitafsiri Injili ya Luka kwa Kiswahili, akawafundisha wale wachache waliokuja. Macho yake yakapofuka, naye akaendelea. Alikaa miaka 29.

Mwaka 1875 alirudi kwao akiwa kipofu, akisindikizwa na kijana wa Rabai, Isaac Nyondo, ambaye baba yake alikuwa miongoni mwa waumini wale wachache. Tarehe 4 Oktoba 1876 Rebmann akalala katika Bwana.

Ndugu zangu, angalieni tarehe inayofuata. Mwaka 1883, miaka 7 baada ya kifo chake, Joseph Wray wa chama kile kile alipanda mlima wa Sagalla kuanza kazi ya Injili kwa Wataita. Hata yeye hakuvuna upesi. Mwaka uliofuata njaa kubwa iliingia Taita. Lakini alipokuja, Rabai ilikuwapo. Wakristo walikuwapo pwani, na vitabu vya lugha vilikuwa vimeanza. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Rebmann alichumia juani, na kivuli tunakikalia sisi.

Nayasema haya leo kwa sababu. Mnajua kwamba baada ya jubilei tutakuwa na mkutano mkuu wa kwaya, na ajenda ya tatu ni ile huduma yetu ya Jumapili moja kila mwezi kule nyanda za chini. Tumeimba chini ya mti ule kwa miaka mitatu. Daftari langu linaonyesha kwamba siku njema huja watu kumi na wawili. Siku nyingine huja wanne, na wawili kati yao ni watoto waliofuata ngoma. Nauli ya matatu imepanda. Baadhi yetu wanasema fedha hizo zinunue sare mpya na kinanda, na hoja yao si ya kudharauliwa. Sare zetu zimechakaa, kila mtu anaziona.

Mimi nina kura moja tu kama kila mwanakwaya. Ninachoomba ni kwamba siku ile tusihesabu watu wanne halafu tukasema kazi imeshindwa. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho juu ya anayepanda na anayetia maji, akawaonyesha kwamba kukuza si kazi ya mmoja wao. Kama chama cha CMS kingefunga Rabai kwa sababu ya daftari la mahudhurio, sijui Injili ingepandia njia gani kuja milimani kwetu.

Sare tunaweza kuzichangia polepole, harambee tunaijua. Lakini wale wanne wakija Jumapili ijayo wakatukosa, nani atawaambia kwamba tulikuwa tukinunua kinanda?

Wanakwaya, hongereni kwa jubilei. Mungu awabariki, na atupe sauti ya kuimba hata mahali penye wasikilizaji wachache.