Reli Isiyofika Kwetu Nayo Yatuhusu



Wapo wanaouliza: treni za abiria zatuhusu nini sisi wa Karagwe na Kyerwa, wilaya zisizo na hata kipande cha reli? Zatuhusu sana. Tangu reli ya kutoka Tabora ilipofika Mwanza mwaka 1928, msafiri wetu aliweza kwenda Dar es Salaam kwa gari hadi Bukoba, kwa meli hadi Mwanza, kisha kwa treni. Meli ya MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, tulipoteza mamia ya ndugu zetu, na kiungo hicho kikalegea.

Treni ya umeme ilianza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024. Ujenzi wa kipande cha Mwanza hadi Isaka ulianza mwaka 2021. Lakini reli humfaa yule awezaye kuifikia. Mkulima wa Murongo au Nyaishozi akikuta treni imeondoka, fedha ya kahawa huishia nyumba ya wageni.

Kwa hiyo, tudai mapema ratiba za meli na treni zilingane. Kila chama kijadili jambo hili katika mkutano mkuu wake na kuleta maazimio kwa maandishi.