Mtoto na Mto wa Mchanga

Wazazi wa Kitui na Makueni, wapo wanaomfungia mtoto bomani asiumie, na wapo wanaosema, "Atajifunza mwenyewe."

Mtoto wa miaka minane mwacheni achunge mbuzi karibu na nyumbani. Wakati wa kiangazi, aende na wenzake kwenye kisima cha mchangani mtoni, achote kwa kata kidogo kidogo hadi mtungi ujae. Akikwaruzika goti, lioshwe kwa maji na sabuni, arudi kucheza. Kumzuia hayo ni kumdhulumu.

Mto wenyewe ni habari nyingine. Tiva, Kaiti na Thwake hukauka miezi mingi, kisha hufurika ghafla hata kwenu kukiwa na jua, kwa sababu mvua imenyesha upande wa juu. Tarehe 4 Desemba 2021, Mto Enziu kule Mwingi ulisomba basi la wanakwaya waliokuwa wakienda harusini. Zaidi ya watu 30 walikufa, na hao walikuwa na dereva mtu mzima.

Kwa hiyo baba, kabla ya mvua za Oktoba, nenda na mtoto hadi ukingoni. Mwonyeshe pa kupandia, na mwambie waziwazi: akisikia ngurumo au akiona maji ya tope yakija, auache mtungi, akimbie. Mtungi utanunuliwa mwingine.