Uwanja Mmoja, Viingilio Viwili: Mabishano ya Mashabiki wa Wigan



Katika mji wa Wigan, kaskazini-magharibi ya Uingereza, upo uwanja mmoja wa michezo unaotumiwa na timu mbili. Ulifunguliwa mwaka 1999 na una viti 25,000 hivi. Siku moja hucheza humo Wigan Athletic, timu ya kandanda. Siku nyingine hucheza Wigan Warriors, timu ya raga ya wachezaji kumi na watatu. Majukwaa ni yale yale, milango ni ile ile, na mara nyingine hata mtazamaji ni yule yule. Lakini wapenzi wa pande hizi mbili wakutanapo, mabishano hayaishi: nani anatoza kiingilio cha haki, nani anajaza uwanja, na mchezaji wa nani anastahili mshahara anaolipwa.

Mwalimu wa Tabora au karani wa Mtwara anaweza kuuliza mabishano ya watu wa Wigan yanamhusu nini. Yanamhusu kwa kuwa chini ya utani huo wa mashabiki mna swali zito, nalo ni hili: mchezo uliokuzwa kwa senti za wafanyakazi ni mali ya nani?

Wigan ulikuwa mji wa makaa ya mawe na viwanda vya pamba. Mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, mchimba makaa alifanya kazi siku sita kwa juma, na hata Jumamosi aliingia kazini asubuhi. Akitaka kucheza raga alipoteza ujira wa saa hizo. Vilabu vya kaskazini viliomba mchezaji afidiwe ujira alioukosa, si zaidi ya shilingi 6 kwa siku. Wakuu wa chama cha raga, ambao wengi wao walikuwa mabwana wasiojua saa ya kiwanda inavyolia, walikataa kwa hoja kwamba mchezo wa kiungwana haulipiwi. Tarehe 29 Agosti, 1895, wajumbe wa vilabu zaidi ya ishirini, Wigan kikiwamo, walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield wakajitenga. Hapo ndipo ilipozaliwa raga ya kaskazini. Raga ya mabwana ilichukua miaka mia kamili kukubali hoja hiyo, maana iliruhusu malipo ya waziwazi mwaka 1995.

Kwa sababu ya historia hiyo, shabiki wa raga wa Wigan huamini kwamba mchezo wake ndio mchezo halisi wa mfanyakazi, na kwamba kandanda ni mgeni aliyekuja na fedha za watu wengine. Imani hiyo ina msingi, ingawa haielezi mambo yote. Wigan Athletic iliundwa mwaka 1932 na haikukubaliwa katika Ligi ya Kandanda mpaka mwaka 1978. Wakati huo raga ilikwisha jenga jina kubwa, na kuanzia 1988 hadi 1995 ilitwaa Kombe la Challenge mara nane mfululizo.

Katika suala la mahudhurio, shabiki wa raga hutaja tarehe 27 Machi, 1959. Siku hiyo watu 47,747 waliingia katika uwanja wa zamani wa Central Park kuitazama Wigan ikipambana na jirani zao wa St Helens. Shabiki wa kandanda naye hujibu kwa mwaka 1953, walipoingia watu 27,526 Springfield Park kutazama mechi ya kombe dhidi ya Hereford, na wakati huo timu zote mbili zilikuwa nje ya Ligi. Viwanja vyote viwili havipo tena. Palipokuwa Central Park leo pana duka kubwa la vyakula.

Umati huo wa zamani, yapasa ieleweke, ulikuwa umesimama. Mfanyakazi alilipa kidogo akabanana na wenzake. Hali hiyo ilibadilika baada ya maafa ya Hillsborough, mjini Sheffield, tarehe 15 Aprili, 1989, ambamo walipotea mashabiki 97 wa Liverpool. Jaji Taylor aliyechunguza maafa hayo alishauri mwaka 1990 kwamba viwanja vikubwa viwe vya viti vitupu. Jambo ambalo wengi wamelisahau ni kwamba jaji huyo huyo alieleza kuwa viti visiwe kisingizio cha kupandisha bei, akatoa mfano wa uwanja wa Ibrox, Glasgow, ambako kiti kilikuwa pauni 6 na mahali pa kusimama pauni 4. Wenye vilabu walichukua ushauri wa viti wakaliacha neno la bei.

Mwaka 1992 ikaanzishwa Ligi Kuu ya Uingereza pamoja na mkataba wa televisheni uliotangazwa kuwa wa pauni milioni 304 kwa miaka mitano. Fedha za televisheni zingeweza kupunguza kiingilio. Hazikupunguza, kwani zilikwenda katika mishahara na ada za wachezaji, na kiingilio kikaendelea kupanda. Tarehe 6 Februari, 2016, mashabiki wa Liverpool waliinuka katika dakika ya 77 wakatoka uwanjani kwa maelfu, kwa kuwa klabu ilitaka kuuza tiketi za pauni 77. Siku chache baadaye wenye klabu waliomba radhi na kuufuta mpango huo. Mwezi uliofuata vilabu vya Ligi Kuu vilikubaliana kwamba shabiki wa timu ngeni asitozwe zaidi ya pauni 30. Watu waliosimama na kutoka nje walipata kile ambacho barua za miaka mingi hazikukipata.

Hapa Wigan huleta mfano unaowasumbua mashabiki wote. Timu ya kandanda ilikuwa katika Ligi Kuu kuanzia 2005 hadi 2013, na bei zake zilikuwa miongoni mwa bei za chini kabisa katika ligi hiyo. Hata hivyo viti vingi vilibaki vitupu. Shabiki wa raga hucheka na kusema huo ni ushahidi kwamba mji si wa kandanda. Jibu hilo ni jepesi mno. Wigan ni mji wa watu laki moja hivi. Manchester na Liverpool ziko karibu, na huwavuta vijana tangu wakiwa shuleni. Na mfuko wa mfanyakazi ni mmoja, hata kama timu ni mbili. Bei ndogo humfungulia mlango aliyekwisha kuipenda timu. Mapenzi yenyewe hujengwa kwa miaka, baba akimshika mwana mkono, na hayanunuliwi kwa punguzo la msimu mmoja. Hata raga, pamoja na sifa zake zote, haiujazi uwanja huo kila juma.

Mabishano juu ya wachezaji ndiyo makali zaidi. Mashabiki wa raga hujivunia kwamba ligi yao imeweka kikomo cha mishahara: mwaka 2024 kilikuwa pauni milioni 2.1 kwa kikosi kizima kwa mwaka, ukiacha nafuu chache kwa nyota. Katika kandanda mchezaji mmoja wa Ligi Kuu huweza kupata zaidi ya hizo peke yake. Lakini wanaokisifu kikomo wangefaa kukumbuka kwamba wachezaji wa kandanda nao walifungwa na kikomo, pauni 20 kwa juma, mpaka Januari 1961, na kukiondoa kulihitaji chama chao, chini ya uongozi wa Jimmy Hill, kutishia mgomo. Ni kweli kwamba kikomo kile kilimbana kila mtu na hiki kinakibana kikosi. Hata hivyo anayevunjika bega katika raga, na kustaafu akiwa na miaka thelathini na kidogo, ni mfanyakazi pia, na unafuu wa tiketi ya shabiki kwa sehemu hulipwa na mwili wake.

Haifai kuzungumzia wachezaji wa Wigan bila kumtaja Billy Boston. Alizaliwa Cardiff, baba yake akiwa baharia kutoka Sierra Leone. Wigan ilimchukua mwaka 1953 kwa pauni 3,000, naye akaifungia majaribio 478 hadi 1968. Wachimba makaa walilipa kiingilio kumwona yeye. Lakini mwaka 1957, timu ya Uingereza ilipokuwa ikirejea kutoka Kombe la Dunia kule Australia na kupitia Afrika Kusini kwa mechi za maonyesho, Boston hakuchukuliwa, kwa sababu makaburu hawakutaka mtu mweusi uwanjani na viongozi wa raga wa Uingereza wakawaridhia. Alipewa heshima ya Sir mwaka 2025, akiwa mchezaji wa kwanza wa raga hiyo kuipata, mwenye umri wa zaidi ya miaka tisini.

Shabiki wa kandanda ana silaha yake moja ambayo hakuna wa kumnyang’anya. Tarehe 11 Mei, 2013, Athletic iliifunga Manchester City, timu ya matajiri wa Abu Dhabi, bao 1-0 la Ben Watson na kuchukua Kombe la FA. Siku tatu baadaye ikashuka daraja. Tangu hapo alijifunza kwa uchungu maana ya klabu kuwa bidhaa. Mwaka 2018 klabu iliuzwa kwa kampuni ya Hong Kong. Mwaka 2020 ikauzwa tena, na tarehe 1 Julai mwaka huo huo ikawekwa chini ya wasimamizi wa mufilisi, ikakatwa pointi 12 na kushuka. Mashabiki walichanga mamia ya maelfu ya pauni kuiokoa, na viongozi wa klabu ya raga walitangaza nia ya kuinunua. Wenyeji wa mji waliokuwa wakirushiana maneno wakajikuta upande mmoja. Aliyekuja kuinunua mwaka 2021 naye alishindwa kulipa mishahara kwa wakati, adhabu za pointi zikarudi, na Juni 2023 ikaingia mikononi mwa Mike Danson, tajiri mzaliwa wa Wigan, ambaye baadaye aliichukua raga pia. Mwaka uliofuata, 2024, Warriors ilitwaa vikombe vyote vinne vilivyoshindaniwa.

Sasa timu zote mbili zina mwenyewe mmoja, na mabishano yamepata sura mpya. Shabiki wa raga anahofu faida yake itazibia hasara ya kandanda. Shabiki wa kandanda analalamika kwamba raga inaharibu majani. Raga ilihamia majira ya joto mwaka 1996 kwa matakwa ya televisheni, hivyo misimu haigongani yote. Lakini kuanzia Februari hadi Mei, na tena kuanzia Agosti hadi Oktoba, timu zote mbili huwa uwanjani, na ndiyo miezi ambayo mzazi wa Wigan mwenye mtoto mmoja wa kila upande huhesabu pauni zake mezani kabla ya kuamua nani aende Jumamosi hii.