Jenga Stesheni, Usijenge Reli Nzima

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyosomwa redioni juma hili.

NDUGU MSIKILIZAJI, ukimwambia mtu wa mjini kwamba unakaa Masaki, atakutazama viatu kwanza. Anadhani ni ile Masaki ya Dar es Salaam, ya mabalozi na mahoteli. Mimi nakaa Masaki nyingine, ya wilaya ya Kisarawe, ya mikorosho, mihogo na mchwa. Mchwa nawataja makusudi, kwani watarudi katika mazungumzo haya.

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo ninalolifanya kwa kupenda tu, bila malipo wala faida. Ninaunda reli ya mfano. Nina treni ndogo, reli zake, mataruma yake na jukwaa la abiria, vyote vikiwa juu ya mlango mbovu ulioegeshwa chini ya baraza. Najua baadhi yenu mmeshacheka. Majirani zangu walicheka kabla yenu. Mmoja aliniuliza kama nimerudi chekechea.

Cheko hilo halinisumbui. Swali linalonisumbua ni jingine, na ndilo nililokuja nalo leo: kwa nini mtu huanza jambo alipendalo kwa moto mkubwa, kisha moto ukazimika kabla kazi haijafika popote? Nauliza kwa sababu yalinikuta, na yalinigharimu kitu ambacho sitakipata tena.

Nianze nyuma kidogo. Mwaka 1970 ujenzi wa reli ya TAZARA ulipoanza, marehemu baba yangu alikuwa miongoni mwa vibarua walioajiriwa upande wetu huu wa Kisarawe, ambako reli hiyo inapita kwenda Mzenga na kuendelea hadi Zambia. Mimi nilikuwa mtoto wa shule. Baba aliporudi mapumziko alituletea makopo matupu ya kambini. Ndugu zangu waliyafanya vikombe, mimi nikayafanya mabehewa. Magurudumu nilikata kwenye ndala zilizokatika, ekseli zikawa spoki za baiskeli. Wengi wenu mnaonisikiliza mliunda magari ya namna hiyo, na wenzetu wa pwani waliunda ngalawa ndogo wakazishindanisha majini. Hatukuhitaji mtu wa kututia moyo. Gari la waya lilikwisha siku hiyo hiyo, na jioni ilikuwa ni kulikimbiza.

Miaka ikapita, nikafanya kazi za ofisini mjini, nikastaafu, nikarudi Masaki. Mstaafu asipokuwa na kazi ya mikono huanza kufanya kazi ya ulimi. Nilianza kumsahihisha mke wangu jinsi ya kupika, na majirani jinsi ya kulima. Mke wangu, kwa heshima zote, akanishauri nitafute shughuli. Ndipo mwaka 2017 nikakumbuka mabehewa yangu ya makopo, nikaamua kuunda TAZARA.

Angalieni neno hilo: kuunda TAZARA. Yote. TAZARA ina urefu wa kilometa 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Mimi nilikuwa na ua wa hatua 30. Tena sikutaka kuanzia mwanzo. Nilitaka kuanza na kipande cha Mlimba hadi Makambako, chenye milima, madaraja na mahandaki, kwa sababu ndicho kigumu na ndicho kizuri machoni. Nikabeba udongo kwa toroli, nikafinyanga milima, nikachimba mahandaki. Mvua ikinyesha milima inaporomoka, nafinyanga tena.

Baba alikuwa hai bado, mzee sana, tukikaa naye. Kila asubuhi alitoa kigoda chake akaketi karibu nami. Hakusema mengi juu ya milima yangu. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, ukifika kwenye mataruma, niite. Nitakuonyesha tulivyokuwa tukiyabeba." Mataruma ya TAZARA ni ya zege, si mepesi kama ya mbao. Watu walipaswa kujipanga kwa namna maalumu wasiumizane migongo. Nikamjibu, "Naam, baba, nikimaliza milima."

Milima haikuisha. Mbao nilizokuwa nimenunua zililiwa na mchwa katika mwezi mmoja wa masika. Nikahesabu fedha iliyokwisha potea, nikahesabu na kazi iliyobaki, nikaona aibu. Nikafunika kila kitu kwa turubai. Baba akaendelea kutoa kigoda siku mbili tatu, kisha akaacha. Mwaka 2018 akafariki. Sikuwahi kufika kwenye mataruma.

Ndugu msikilizaji, sisemi haya ili unihurumie. Nasema ili uone kwamba kosa langu halikuwa uvivu. Nilifanya kazi mpaka viganja vikachubuka. Kosa lilikuwa hesabu. Mtaka yote hukosa yote.

Na hesabu yenyewe ni hii. Atakayeunda reli ya mfano huchagua kipimo kwanza. Mimi nilipokuja kutulia nilichagua moja kwa ishirini, yaani kila sentimeta 20 za kitu halisi ziwe sentimeta moja. Kwa kipimo hicho, kilometa 1,860 za TAZARA zinakuwa kilometa 93. Ukitoka Dar es Salaam ukafuata barabara ya Morogoro kwa umbali huo, huko mbali na Chalinze. Hiyo ndiyo reli niliyotaka kuiweka uani. Behewa la abiria lenye urefu wa mita 20 linakuwa mita moja kamili. Mlango wangu una urefu wa mita mbili. Kwa hiyo mlango mzima unachukua behewa moja, sehemu ya kichwa cha treni, jukwaa fupi, mwembe mmoja na mama mmoja anayeuza machungwa. Na hicho, niwaambie, kinatosha.

Nilirudi kazini mwaka 2024. Mwezi Juni mwaka huo treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Nikampeleka mjukuu wangu wa miaka kumi kuipanda. Tulipopita Soga, mtoto akageuka kutoka dirishani akaniuliza, "Babu, na ile reli aliyoijenga baba yako ilikuwa hivi?" Nikaanza kumweleza, maneno yakanikwamia. Tofauti ya reli haielezeki kwa mdomo, inataka kushikwa kwa mkono. Tuliporudi Masaki nikafunua turubai. Mke wangu akaniambia upo mlango mbovu nyuma ya banda la kuku, tena wa mninga, mchwa hawakuugusa.

Safari hii nilianzia kwenye mataruma. Kwenye ubao nilichonga vijishimo kumi vya urefu wa sentimeta kumi, nikavipaka mafuta, nikamimina saruji. Mataruma kumi kwa siku, hayazidi. Asubuhi unayatoa, unayapanga kivulini, unamimina mengine, basi, unakwenda shambani. Mlango mzima ulihitaji mataruma 60. Siku sita. Bandu bandu huisha gogo. Kwa reli nilitumia nondo ya milimita 6, ile mafundi wanayokunjia ringi za nguzo, kwani kwa kipimo changu inakaribia kabisa kimo cha reli halisi. Katika maungio niliacha nafasi ndogo, upana wa ukucha, kwa ajili ya chuma kutanuka wakati wa jua. Hilo baba aliwahi kuniambia, na ni katika machache niliyobaki nayo.

Halafu likaja jambo ambalo mjukuu wangu hajalisahau. Reli za nchi yetu haziko sawa upana. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ina upana wa milimita 1,000. TAZARA ina milimita 1,067, ilingane na reli za Zambia na za kusini mwa Afrika. Reli mpya ya umeme ina milimita 1,435. Kwa kipimo changu hizo ni milimita 50, 53 na 72. Tukazipanga zote tatu ubavuni mwa mlango, vipande vya shubiri moja moja. Nikampa mjukuu ekseli ya Reli ya Kati, nikamwambia aiweke juu ya TAZARA. Tofauti ni milimita tatu tu, lakini gurudumu moja likapanda, la pili likadondoka ndani. Akajaribu tena, likadondoka. Akaniuliza, "Sasa mizigo inavukaje?" Nikamwambia huhamishwa, na kwamba kule Kidatu pamejengwa mahali pa kazi hiyo. Mtoto akanyamaza akitazama zile milimita tatu. Hakuna hotuba yangu iliyowahi kumfundisha mtu kiasi hicho.

Yeye naye ana treni yake, ya umeme, ameiunda kwa maboksi ya dawa ya meno, na nguzo za waya ameziunda kwa spoki. Aliniuliza iende kasi gani ili iwe ya kweli. Tukapiga hesabu pamoja: treni halisi imeundiwa mwendo wa kilometa 160 kwa saa, gawa kwa 20, unapata kilometa 8 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtoto anayetrotitroti akivuta kamba. Basi jioni anatrotitroti.

Wakubwa wa kazi hii duniani nao wana siri hiyo hiyo. Mjini Hamburg, Ujerumani, ndugu wawili waitwao Frederik na Gerrit Braun walifungua maonyesho yao ya treni ndogo mwaka 2001, yaitwayo Miniatur Wunderland. Waliyafungua yakiwa na sehemu chache, wakaongeza sehemu moja baada ya nyingine, na wageni huja kwa mamilioni kutazama kazi ambayo wenyewe hawajaimaliza. Mwimbaji Rod Stewart wa Uingereza alionyesha hadharani mwaka 2019 mji wake wa reli, uliomchukua zaidi ya miaka 20. Alipokuwa safarini kuimba alichukua chumba cha ziada hotelini, akaunda vijumba vyake humo. Huyo ana fedha za kununua chochote. Lakini naye alikaa chini akaunda nyumba moja, kisha nyingine.

Wapo watakaosema, vifaa vyao vinatoka kiwandani, sisi tutapata wapi? Nami niliwahi kusema hivyo. Nilisubiri gundi fulani kutoka ng'ambo, kumbe nilikuwa natafuta sababu ya kutoanza. Mwenye kutaka kuona vitu vikubwa kabla ya kuviunda vidogo, ipo makumbusho ya reli pale Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Humo kimesimama kichwa cha treni cha mvuke namba 5918, kilichopewa jina la Mlima Gelai, ambao uko hapa kwetu Tanzania. Ni kimoja kati ya 34 vilivyoundwa Manchester kwa ajili ya reli ya Afrika Mashariki, vyote vikapewa majina ya milima yetu. Urefu wake unapita mita 31. Kwa kipimo changu ni zaidi ya mita moja na nusu. Mlango wangu haukitoshi pamoja na behewa, nami sikuoni kuwa ni msiba. Kipo Nairobi, nitakwenda kukitazama.

Basi, ndugu msikilizaji, iwe wewe waunda treni, washona mifuko, wachonga vinyago au wakusanya stempu, ushauri wangu ni mmoja. Chagua kipande kidogo unachokipenda kweli, kikate kiwe cha siku chache, ukimalize, ukitazame. Ukichoka, funika kazi hadi kesho kabla hujaichukia. Na ukikwama mahali, usikazane hapo hapo kwa hasira, fanya sehemu nyingine. Mwembe wangu niliuunda wakati magurudumu yalikuwa yamenishinda.

Tena, asijifungie peke yake mwenye kazi kama hii. Kama yuko mzee karibu nawe ametoa kigoda, kazi iliyo mbele yake inamkumbusha jambo. Anza na sehemu anayoijua yeye. Milima itangoja.

Mlango wangu sasa una mataruma 60, reli, behewa moja na jukwaa. Kichwa cha treni bado. Juu ya jukwaa, chini ya mwembe, nimeweka kigoda kidogo cha mninga, kimo cha sentimeta mbili. Mjukuu aliniuliza mbona hakuna mtu aliyekikalia. Nikamwambia aliyekuwa akikikalia alijua kubeba mataruma. Akaingia ndani, akarudi na vijiti vinne vya kiberiti, akavisimamisha kandokando ya taruma moja, wawili huku na wawili huku. Akaniuliza, "Walibeba hivi, Babu?"

Nilimjibu kwamba sijui, na kwamba nilipaswa kuuliza.