Balanga Si Ukoma: Doa Lisifichwe, Lipimwe

 

Mimi si tabibu; kazi yangu ni kuwafikishieni habari za huduma. Leo nazungumzia doa jeupe la ngozi.

Wapo miongoni mwetu wanaoishi na balanga, ambayo hospitalini huitwa vitiligo. Si laana, si uchafu, wala haiambukizi kwa kushikana mikono, kula sahani moja au kulala kitanda kimoja. Kinga ya mwili hushambulia chembe zinazoipa ngozi rangi. Mwanamuziki Michael Jackson alitangaza mwaka 1993 kwamba anayo.

Hatari ni kuichanganya na ukoma, ambao haujakwisha nchini. Doa la balanga huwa jeupe pe, na ukiligusa unahisi. Doa la ukoma aghalabu hufifia rangi tu, tena hufa ganzi. Mwenye ukoma akidhani ana balanga hukawia, na kukawia huleta ulemavu wa mikono, miguu na macho. Ilhali dawa za ukoma ni bure, nazo humezwa kwa miezi 6 au 12. Kwa hiyo asijipime mtu nyumbani, aanzie zahanati. Ikilazimu, atapewa rufaa hadi Hospitali ya Mkoa, Ligula.

Balanga haina dawa ya kuing'oa kabisa, lakini kuenea kwake kwaweza kuzuiwa, na rangi yaweza kurejea, hasa usoni. Ziko dawa za kupaka, na iko tiba ya mwanga. Anayewahi hufaidika zaidi.

Kwa mwenye balanga, jeraha laweza kuzaa doa jipya. Akina mama mnaobangua korosho, mafuta ya ganda huunguza, vaeni glavu. Wavuvi wa Msimbati, ngozi isiyo na rangi huungua upesi juani. Vaeni kofia na mikono mirefu. Na mkorogo msiuguse: mara nyingi huwa na zebaki, nayo hudhuru figo.

Lililobaki ni letu sote. Mtoto mwenye balanga aketi dawati moja na wenzake. Mama lishe mwenye balanga asikimbiwe na wateja. Ndoa isivunjike kwa sababu ya doa.

Doa lisifichwe chini ya kanga, lipelekwe zahanati.